Baba Yetu Tokuji Hangai, Aliyeurudisha Mpunga Kuwasawa

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipoketi kwenye tuta la jaruba la juu ili upumzike, na Mama alipokuletea chai akakuta umeshatuacha. Ulikuwa na miaka themanini na mbili. Viatu vyako vya mpira vilikuwa bado na tope bichi.

Tulipoamriwa kuondoka ulikuwa unakaribia sabini. Lilipita tetemeko, likaja wimbi, kisha kinu cha nyuklia kikalipuka na upepo ukaleta mionzi hadi kijijini kwetu Kuwasawa, huku milimani. Tulifungasha nguo za siku tatu. Wewe na Mama mkakaa miaka sita kwenye nyumba za muda, vyumba viwili, kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya Mama humwambia "pole" bila kunyanyua sauti.

Wenzako wengi walimalizwa na kukaa bure. Wewe ulijifunza kupima. Kila waliporuhusu watu kuingia kijijini kwa saa chache, ulikwenda na kifaa chako cha kupimia mionzi na daftari la shule. Kaka Hidetoshi alikuuliza, "Baba, ukishajua ni ngapi, utafanya nini?"

"Nitajua pa kukanyaga," ukamjibu.

Walipokuja wafanyakazi wa kusafisha mionzi kuukwangua udongo wa juu wa mashamba na kuujaza kwenye mifuko myeusi, ulisimama pale ukitazama mpaka jaruba la mwisho. Udongo ule babu yako aliulisha samadi maisha yake yote. Wakamwaga mchanga wa mlimani badala yake. Tulingoja ulie. Ukasema, "Haya, tunaanza na mchanga."

Tuliporuhusiwa kurudi, kati ya nyumba sitini zilirudi kumi na moja. Mimi Sanae sikurudi. Nilibaki mjini Koriyama na wanangu wadogo, nikiona aibu. Hukunilaumu hata siku moja. "Kaa hukohuko," uliniambia. "Nitakuja mimi." Ukaja kila mwezi, ukiwa na mboga ulizonunua dukani ili nisiwe na wasiwasi. Wewe, mkulima, umepanga foleni dukani kununua kabichi! Mama ndiye aliyenisimulia, baadaye sana.

Mavuno ya tatu hatutayasahau. Mchele wa Kuwasawa ulikuwa umeshapita kipimo cha mionzi kituoni, ambako walipima mifuko michache tu ya kila mkulima. Mnunuzi alikuwa amepatikana, lori linakuja Jumatatu. Wewe ukachota mchele wa ile kona ambako maji ya mlimani huingia, ukaupeleka mwenyewe maabara. Ukarudi na karatasi. Umezidi kiwango. Kidogo tu, lakini umezidi.

"Nani mwingine anajua?" Mama aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Basi?"

"Basi tumeshajua."

Kesho yake ulisimama kwenye ukumbi wa kijiji ukaisoma karatasi ile mbele ya watu. Mchele wa wote ukazuiwa. Kanroku Shiga, jirani yetu, uliyesoma naye tangu darasa la kwanza, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Tokuji, umetumaliza! Miaka yote hii watu wanakataa mchele wetu. Leo tumepata mtu mmoja, mmoja tu, na wewe unakwenda kuchokonoa kona!"

"Huyo mtu ana watoto, Kanroku."

"Na mimi sina?"

"Unao. Hata wao watakula mchele huu."

Aliondoka akiubamiza mlango. Kwa miaka miwili, mkipishana njiani, aligeuza uso akatazama mianzi.

Hukumfuata kubishana. Ulifuata maji. Majira yote ya baridi ulipanda mlima ukipima, mpaka ukaona: msitu haukusafishwa kamwe, na kila mvua kubwa ilishusha majani ya zamani na tope hadi kwenye mfereji wetu. Ukachimba mashimo matatu ya kutuliza tope, kwa miaka yako sabini na minane na goti bovu. Mama akikukataza, unamwambia unanyoosha mgongo. Na kwa kuwa tawi la pili la mfereji huenda kwa Kanroku, ukachimba matatu mengine upande wake. Hukumwambia mtu.

Msimu uliofuata mchele wa kona ile ulipita. Uliofuata pia. Mwisho wa vuli hiyo ya pili, Kanroku alitokea mlangoni na bakuli la figili za chumvi.

"We mzee, mke wangu ametia chumvi ya kuua mtu. Nimekuletea uanze wewe."

"Zimepimwa?"

Mlicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuona kuna nini. Hakuna aliyeomba radhi. Aliingia, akakaa, mkala zote.

Watu wameuliza kama ni mionzi iliyokuchukua. Daktari alisema ni moyo, nasi hatuna la kuongeza. Uyoga wa mlimani bado hatuchumi. Nyumba nyingi bado zimefungwa. Lakini mwaka huu kaya tisa zimepanda mpunga, na Hidetoshi huzoa tope la mashimo kila baada ya mvua, akinung'unika kama wewe. Nami nilikuja na wanangu wakati wa mavuno. Tulikula wali wa jaruba la juu, mtupu, bila mboga. Mwanangu Chihaya aliongeza mara mbili.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mineyo, wanao Hidetoshi na Sanae, wajukuu zako Chihaya na Kazuto, dada yako Yasuko, na Kanroku Shiga, aliyekuja mwenyewe kutuambia, "Andikeni na jina langu. Najua mimi si ndugu. Andikeni tu."

Tutakukumbuka siku zetu zote, Baba.