Vasi ya Mama Kwenye Kaburi la Mama Mkwe

Jumapili, Julai. Baridi.

Jua halijatoka tangu Alhamisi. Hapa Donholm nguo zimekaa kwenye kamba mpaka zimeanza kunuka, nami nimekaa kwenye kochi nimejifunika leso, nikitazama dirisha ambalo halina kitu. Sikwenda kanisani. Nilimwambia mume wangu, Wafula, kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nina hasira.

Dirisha hilo lilikuwa na vasi nne. Nitaandika kila kitu, kwa sababu humu nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena, na kwenye blogu hii angalau hakuna wa kunikatiza.

Mlionisoma tangu zamani mnazijua vasi zangu. Kwa wageni: nakusanya vyombo vya maua vya Kijerumani, vile vya zamani vilivyotengenezwa wakati Ujerumani zilikuwa mbili. Ni vya udongo, vizito, vya rangi ya chungwa na kahawia na kijani cha chupa. Vingine vina ngozi iliyochemka ikakauka, inakwaruza kama ukoko wa ugali ulioachwa sufuriani. Ukikigeuza, chini utakuta maandishi, W. Germany, na nambari za umbo lake. Wazungu wakimaliza kazi zao Nairobi huuza vitu vya nyumba kabla ya kuhama, na vitu hivyo mwishowe huangukia soko la Gikomba, katikati ya masufuria na vikombe visivyo na sahani. Wauzaji wa pale huniita Mama Geuza, maana sinunui kitu kabla sijakitazama makalio.

Sikuwahi kuzitia maua. Nilizipanga dirishani, ndefu nyuma, fupi mbele, nikaondoa pazia zito ili jua la alasiri lizifikie. Jua likipiga, ile ya chungwa ilikuwa inapaka ukuta mzima rangi yake. Sikutaka pambo lingine.

Ile ya chungwa haikutoka Gikomba. Ilikuwa ya mama.

Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa mwalimu mmoja Mjerumani. Mwalimu alipofunganya kurudi kwao akampa mama blanketi, pasi na hiyo vasi. Sisi tuliishi Mbotela, chumba kimoja, na mama hakuwa na nafasi ya maua. Aliiweka kando ya stovu akatia miiko yake. Mwiko wa ugali ndio uliomega mdomo wa ile vasi. Mama akaubandika kwa gundi na kovu likabaki. Ningeijua hata nikifungwa macho, kwa kidole tu.

Mama hakuwa na mume wala shamba. Alipofariki, kaka zake walisema bomani kwao hakuna nafasi ya kaburi la binti. Tukamzika kwenye makaburi ya jiji. Niliporudi baadaye na maua, kibao kilikuwa kimeng'olewa, na pale nilipodhani ni pake palikuwa pamezikwa mtu mwingine. Nilizunguka mpaka mlinzi akanihurumia akaja kunisaidia kutafuta.

Sijui mama yangu amelala wapi.

Kwa hiyo nilibaki na vasi. Nyingine zote nilizinunua ili ile isikae peke yake.

Mama yake Wafula alikuja kukaa kwetu mwaka jana, akitibiwa hapa Nairobi. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamsuka nywele. Sidai sifa kwa hilo. Lakini vasi zangu hakuzipenda. "Mama Tasha, hivi vitu mbona vinanipigia miayo mchana kutwa?" aliniuliza. Nikawa nikitoka kazini nakuta amezifunika midomo kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, vya waridi na kijani. Nikiviondoa, kesho yake navikuta tena. Tulivutana hivyo bila kugombana mpaka alipozidiwa.

Alipofariki, nyumba ilijaa watu. Mimi na Wafula tulitangulia kwao Bungoma kutayarisha boma. Nikamwachia ufunguo wifi yangu Nekesa, dada yake Wafula, ili yeye na akina mama wa kanisa wachukue masufuria, chupa za chai na mablanketi ya safari. Walichukua na vasi.

Kwa kina Wafula siku hizi jeneza likishashuka, fundi hufunika kaburi kwa zege papo hapo, watu wakiimba. Nilikuwa nimesimama pamoja na wake wa boma. Nikamwona Nekesa akitoka upande wa magari na vasi zangu, zimejazwa maua ya plastiki. Akazididimiza kwenye simiti mbichi, moja kila pembe. Ya mama akaiweka upande wa kichwani. Ilikuwa haisimami sawa, akaisukuma mpaka simiti ikaifika kiunoni.

Nililia.

Sikulia kwa staha. Nilipiga ukelele mpaka akina mama wakanidaka kwapani. Huku nalia nawasikia wakiambiana, "Aki huyu alipenda mama mkwe wake kabisa. Wasichana wa siku hizi hawaliangi hivi." Mchungaji akanitaja mbele ya watu wote. Mpaka leo kule Bungoma mimi ndiye mfano wa mkaza mwana.

Sikumlilia mama mkwe. Hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kulisema.

Jioni ile nilimuuliza Nekesa jikoni. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ni za maua? Na kwako zilikuwa zimekaa tu, hazina kitu. Sasa mum amepata maua, shida iko wapi?" Nekesa hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa na nia mbaya ningejua pa kumshika.

Asubuhi yake nilienda kuigusa. Simiti ilikuwa imeshika. Wafula akanifuata, akaniondoa mkono polepole. "Kitu ya kaburi haitolewangi, Mama Tasha. Wakikupata hapa ukichokora, utaitwa mchawi. Na Tasha ataitwa mtoto wa mchawi." Alisema kweli. Kwao mtu anayetoa kitu kaburini ana jina moja tu.

Nikajipa moyo hata hivyo. Nilijua kaburi litawekwa vigae baadaye, nikawaza kwamba wakati huo nitamwomba Nekesa amwambie fundi aitoe ile moja, nami nitapeleka nyingine nzuri zaidi. Nilikuwa nimeshainunua Gikomba, ya kijani, nimeificha kabatini. Kilichokuwa kimebaki ni kutafuta maneno ya kumwambia.

Leo asubuhi picha zikaingia kwenye grupu la familia. Vigae vimekwisha wekwa, vyeupe, vinang'aa. Na vasi, ili zifanane na vigae, Nekesa amezipaka rangi. Nyeupe, rangi ya mafuta, ile ya kupaka madirisha. Zote nne. Nikaivuta picha ikue. Chungwa hakuna. Ule ukoko umejazwa rangi mpaka umelainika. Lililobaki ni kovu la mdomoni, linaonekana kidogo ukiangalia sana.

"Zimetoka safi! Mum apumzike vizuri," akaandika. Watu wakajaza mikono ya kuomba. Nikajua wanangoja yangu, maana mimi ndiye mfano. Nikaandika, "Amina. Imependeza." Kisha nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wafula alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni. "Lakini si ni vasi tu? Jumamosi twende Gikomba, nitakutafutia ingine." Ni mtu mwema, mume wangu. Nilitamani kumrushia kikombe.

Nimemweleza habari za makaburi ya jiji mara ngapi? Alikuwepo nilipotoka kule na maua yangu mkononi. Alinipa leso nikafuta uso. Nadhani alisahau tulipofika nyumbani.

Hasira hii si ya Nekesa peke yake. Nimewakasirikia wajomba zangu, waliokuwa na ekari nzima ya mahindi na wakakosa kipande cha kumlaza dada yao. Nimemkasirikia hata marehemu mama mkwe, ambaye hakufanya kosa lolote isipokuwa kuzaa watoto wengi wenye shamba na wenye sauti. Na nimejikasirikia mimi, kwa lile neno "Imependeza".

Jioni hii nimeitazama picha tena. Mama yangu aliamka kabla ya watu maisha yake yote. Alifua mashuka ya watu, akabeba watoto wa watu mgongoni, mimi nikiachwa kwa jirani. Sasa hatimaye kuna kitu chake kwenye kaburi lenye vigae, na kaburi lenyewe si lake. Wamemvalisha nyeupe kama sare, wamemsimamisha kichwani pa mwanamke mwingine amshikie maua.

Zile tatu wabaki nazo. Nimezitoa kwa roho safi, au karibu safi.

Desemba tutaenda wote kama kawaida. Nitabeba nyundo na patasi, nimezifunga ndani ya leso. Sitaamka alfajiri kujificha. Nitangoja mchana, Nekesa akiwepo, watu wote wa boma wamekaa nje wanakunywa chai, ndipo nipige magoti pale kaburini nianze kugonga. Waniite watakavyoniita. Wafula ataona haya, na Tasha pengine atanisihi niache, na hilo la Tasha naliogopa tangu sasa.

Lakini mama yangu amefanya kazi za kutosha kwenye nyumba za watu. Naenda kumchukua.