Sentensi ya Wifi Kwenye Meza ya Kukatia

Chumba cha cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Kasuku wa Mama,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye kiti chako cha dirishani. Umeamkaje? Mkono wa kulia unaendeleaje, umeanza kushika kijiko au bado unakugomea? Usingizi unaupata? Unakula? Usinijibu "nzuri" kwa mkupuo kama mtu anayemkimbia karani wa sensa. Nataka habari ya mkono peke yake, ya usingizi peke yake na ya chakula peke yake.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti tu ndilo humsumbua asubuhi, na likimsumbua huligombeza kama mtoto. Shemeji yako bado anaziba mabomba ya watu huku la kwetu linavuja. Mimi nipo na cherehani yangu, macho yanapungua lakini mdomo uko pale pale.

Najua unachosubiri. Alhamisi kwenye simu ulinituma nimwambie mkeo kwamba kama amechoka akurudishe kwa Mama, asijifunge na mume asiyeweza kumuuliza kwa lugha yake hata ameamkaje. Nilimwambia. Akalia, akasema maneno mengi, ukaniuliza, "Kasema nini?" Nikakujibu si mabaya, nitakuandikia.

Niwie radhi kwa kukuweka roho juu. Barua hii binti yangu ataipiga picha ikufikie leo leo kwenye simu, karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Daktari wako alisema Kiswahili cha kuandikwa unakimudu kuliko maneno yanayokupita mbio, basi soma taratibu, pumzika, rudia. Na usirukie mwisho. Nakujua.

Nilichelewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sikuelewa yote aliyosema, na hiyo isikushangaze, maana mwalimu wangu mwenyewe hushangaa nikielewa nusu.

Unakumbuka tulivyoanza? Kiharusi kilipokunyang'anya Kiingereza chote kikakuachia Kiswahili chetu cha utotoni, mkeo alijikuta anaishi na mume anayeongea lugha asiyoijua, na huko mliko hakuna mwenzetu hata mmoja. Mwanzoni binti yangu ndiye aliyewatafsiria kwenye simu, maana Kiingereza ndicho anachofanyia kazi ofisini. Siku ulipotaka kumwambia mkeo habari ya kuogeshwa, ukagoma. Ulisema mambo ya bafuni hayapiti kinywani mwa mtoto wa dada yako, unamtaka dada mwenyewe. Na dada mwenyewe shule aliiacha kabla Kiingereza hakijakolea! Nilikuwa najua kuhesabu na kuaga, basi.

Ndipo nikamfuata Bibi Nukta, jirani yetu mwalimu mstaafu, yule anayemaliza kila kauli kwa kusema "Nukta," usije ukadhani bado anaongea. Tukapatana: yeye anifundishe, mimi nimshonee. Akaja na mapazia ya nyumba nzima, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyooshea kidole kitu nilichoshika mkononi, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mkasi.

"Hapana, mama," akasema. "Ni nomino. Kukata ni kitenzi. Mkali ni kivumishi. Nukta."

Mdogo wangu, nilikasirika. Miaka yote hii nimeshika mkasi bila kuambiwa ni nomino, na nguo zimetoka na watu wameolewa nazo. Lakini nilipiga moyo konde kwa ajili yako. Nikaosha vikopo vyangu vya vifungo, nikavipa kazi mpya: hiki cha nomino, hiki cha vitenzi, hiki cha vivumishi, na kuendelea. Kila neno la Kiingereza nililofundishwa nililiandika kwenye kipande cha kitambaa, nikalitumbukiza kwenye kopo lake. Nikikaa kutia upindo nachomoa moja, nalisema kwa sauti, nalirudisha. Wateja walidhani naombea nguo zao.

Kopo la nomino lilijaa likawa halifungiki. Nomino ni rahisi, unaziona kwa macho: meza, kikombe, mto. Kopo la vitenzi lilibaki likilia tupu. Vile vineno vidogo vidogo vya kuungia nilividharau kabisa, nikavitia pamoja na pini. Bibi Nukta alipoviona huko aliniuliza kama nguo zangu nazishona bila uzi.

Ndiyo maana siku zile za mwanzo ulikuwa unalia chumvi imezidi na unaongezewa. Nilimwambia wifi yangu: ndugu, supu, chumvi. Nomino tatu zilizonyooka. Afanyeje maskini? Akaenda kuchukua chumvi. Nikasikia unavyokohoa, nikajua hapa pamekosekana kitenzi.

Na ile siku ya msalani! Ulisema, "Dada, haraka," na mimi sikulelewa kumwomba mtu kitu kabla ya kumjulia hali. Nikamwanza wifi: habari za asubuhi, mama yako hajambo, kazi zinaendeleaje, huko mvua imenyesha? Naye ana adabu zake, akawa anajibu moja baada ya nyingine na kuniuliza yangu. Wewe nyuma unapiga kelele, "Dada! Salamu baadaye!" Mpaka leo shemeji yako akiwa na njaa huja mlangoni akasema, "Dada, salamu baadaye," nami nampakulia huku mbavu zinaniuma.

Haya, nimecheka vya kutosha. Nirudi Alhamisi.

Maneno yako niliyafikisha kama ulivyoyasema. Nilitamani kuyalainisha, ila niliona nikianza kuwapunguzia na kuwaongezea, kesho hamtajua lipi ni lenu na lipi ni langu. Sentensi ilitoka imekamilika, kila neno mahali pake. Sijawahi kuichukia sentensi niliyopatia kama niliyoichukia ile.

Wifi alipoanza kulia alikwenda kasi. Niliambulia nomino tu: mkate, dirisha, duka, kidole. Mtu anaambiwa habari ya kuachana, anajibu mkate? Ukiwa na nomino peke yake unajua vitu vilivyomo chumbani, hujui nani kamfanya nani nini. Ningeweza kukubahatishia pale pale kwenye simu. Lakini mimi ni fundi, siingizi mkasi kabla sijapima, na hapa kilichokuwa mezani ni ndoa yako.

Ijumaa asubuhi nikampigia peke yake nikamwomba arudie polepole, kama imla. Akarudia bila kuchoka. Nikaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia, kwa sababu daftari lilikuwa mbali na sikuthubutu kumkatiza. Meza ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Siku nzima sikukata nguo ya mtu. Mteja wa sketi alinikuta nimeinamia meza na kamusi, akauliza kama huo ndio mtindo mpya. Mama akaja na sinia la mboga, akitaka kuliweka hapo kama kawaida yake. Nilimpigia kelele ambayo sijawahi kumpigia, akarudi nyuma na sinia lake, akaniuliza nimepagawa na nini.

Yapo maneno yaliyonishinda, nikamwita Bibi Nukta. Lakini ya mke kwa mumewe si ya kumtandazia jirani. Nikayafunika yote kwa vitambaa, nikawa namfunulia moja moja, mara la katikati, mara la mwanzo, mara la pembeni kabisa, asipate mfuatano. Akawa ananiambia: hiki ni kitenzi, kimeshapita; hiki ni kielezi, kinaeleza mahali; hiki ni kiwakilishi, kinasimama badala ya mtu. Tulipofika mwisho akavua miwani, akaifuta kwa pindo la pazia lake mwenyewe, akasema, "Mfikishie." Nikangoja aseme nukta. Hakusema.

Sababu ya pili ya kuchelewa ni haya zangu. Hata nilipoyaelewa yote, niliona yapo ambayo dada hamwambii mdogo wake wa kiume kwa mdomo, simu ikiwa sikioni na mwenye maneno akiwa amesimama pale pale. Kwenye karatasi nitajikaza. Haya, kaa vizuri. Mkeo alisema hivi:

"Mwambie sikuolewa na maneno yake. Alipoingia mara ya kwanza kwenye duka la mikate nilikokuwa nauza, hakuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuuliza bei. Alinyoosha kidole akasema, mkate. Kesho yake akaja akanyoosha kidole akasema, dirisha. Kila siku alikuja na kitu kimoja: mlango, kiti, mizani. Wenzangu walimcheka, mimi nilikuwa naangalia saa kumngoja. Vitu vikamwishia dukani, akabaki ananiangalia mimi, na neno la kuniambia hana. Siku ile ndiyo niliyompenda. Sasa amerudi pale alipokuwa, na mimi nipo pale nilipokuwa, nyuma ya kaunta, nasubiri. Ndiyo, nimechoka mikono na mgongo. Yeye sijamchoka. Mwambie asiende. Mwambie aanze na mkate."

Sikuongeza wala sikupunguza.

Mdogo wangu, nimelia kwa maneno hayo mpaka chaki ikalowa. Miaka yote nilidhani ulimpata huyo mwanamke kwa domo lako. Sisi ndio tuliokuita Kasuku, kwa vile ulivyokuwa ukipayuka tangu unaamka mpaka unalala, na kiharusi kilipokufunga mdomo mbele ya mkeo niliona kimechukua chote ulichokuwa nacho, nikakuhurumia kwa hilo kuliko kwa mkono. Kumbe yeye alikupenda ulipokuwa huna hata kitenzi kimoja. Hatukuwahi kukuona ukiwa hivyo. Yeye ndiye aliyekuona.

Najua unaona aibu kulishwa na kushikwa mkono mbele ya mtu uliyemzoesha kukutegemea. Ni haki yako kuona aibu, mimi pia nisingejisikia vizuri. Na nilisikia Alhamisi kwamba ulikuwa unamwonea huruma, si kwamba umemchoka. Naye amesikia hivyo. Ila usimwamulie kuchoka kwake. Ameulizwa, amejibu.

Mama alikuwa amesikia ombi lako la kurudi. Tangu jana alfajiri alikuwa ameshatoa godoro lako la zamani kulianika, na furaha yake hakuificha, ni mama. Jioni nikakaa naye nikamsomea maneno ya mkwe wake. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo huwa halifanyi. Kisha akainuka na goti lake bovu, akatoka nje, akalirudisha godoro ndani na kuliegemeza ukutani. Akasema, "Watakuja wote wawili kunisalimia." Basi, hilo ndilo neno la Mama.

Kwenye picha utaona kadi ndogo pembeni ya barua. Hiyo ni sentensi ya kumjibu mkeo. Ni fupi: kiwakilishi, kitenzi, kiwakilishi, imekwisha. Nimeiandika kwa herufi kubwa za Kiingereza ili usihangaike. Maana yake sikuandikii, mimi ni dada yako, na haya zangu zimeshatumika zote kwenye ukurasa huu. Ukiweza kuitamka, itamke. Ukishindwa, mwonyeshe. Na kama hata kumwonyesha kunakuwa kuzito, mkate upo mezani na kidole cha kushoto ni kizima.

Shemeji yako anakusalimu, anasema zoezi la mkono usiliache. Binti yangu anamsalimu mjomba wake na mke wa mjomba. Bibi Nukta anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana, na anakukumbusha kwamba ndiyo na hapana ni maneno kamili, usiyaonee haya. Mama anakubusu kwenye paji la uso. Wifi yangu msalimie, na safari hii salamu zije kwanza. Mungu akutunze wewe na huyo aliyekaa upande wa pili wa meza, akurudishie unachohitaji na kile kisichorudi akusahaulishe uchungu wake.

Kukiwa na dharura, binti yangu yuko hewani. Mimi leo jioni nazima simu.

Ni mimi dada yako mwenye kukupenda,
fundi wa nguo, na mkalimani wenu aliye likizo.