Ukurasa wa Maharage

Jumatatu, 3 Juni 1996
Zamu imekwisha saa tisa. Foklifti yangu ya kunyanyulia mizigo ndiyo safi kuliko zote Wetherill Park, hapa Sydney, bosi mwenyewe kakiri. Nikapitia kwa Dejazmachi. Hicho ni cheo cha makabaila wa Uhabeshi, si jina. Kazaliwa nyumba yenye watumishi arobaini. Kawa gavana, balozi Nairobi (ndiko alikookota Kiswahili), waziri, kisha mfungwa miaka minane. Sasa yuko Granville, chumba kimoja juu ya duka la mikate, anaandika historia ya jimbo lake. Daftari la kumi na moja. Mimi niliishia darasa la sita, lakini anayeulizwa mambo ni mimi.

Leo kafika mwaka wa njaa. Nikamwambia mwaka ule nilikuwa mpishi melini, tulipakia maharage bandarini kwao, Massawa, yaende Ulaya. Magunia elfu kumi. Akaweka kalamu, akaniambia ukweli. Kumbe kibali cha kuyasafirisha alitia saini yeye.

Alhamisi, 6 Juni
Kanihoji kama polisi. Niliyahesabu magunia? Sikuyahesabu. Nahodha alikuwa amelewa? Hapana, hapo nilitia chumvi. Kila nikipamba, anafuta. Hadithi yangu ya saa nzima imebaki mistari minne. Imeniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Wamekuja wakubwa wa chama cha kuzikana cha Wahabeshi wa hapa. Watatu, suti tupu. Wakambusu bega kwa heshima zote, kisha wakamtisha. Wamesikia habari za ukurasa ule wa maharage: autoe, unaaibisha nchi. Asipoutoa hana chama: hakuna hema, hakuna matanga, hakuna wa kubeba jeneza. Kiamhari sikijui. Alinitafsiria palepale, mbele yao, makusudi.

Ana miaka sabini na sita. Hana mtoto, hana ndugu nchi hii. Akawaambia, "Saini ni yangu. Ukurasa unabaki."

Nikadakia kwa Kiingereza changu cha bandarini: jeneza nitabeba mimi, mgongo huu umeshinda makuli wa bandari saba. Mkubwa wao akauliza mimi Mwislamu wa Tanga yananihusu nini.

"Mie shahidi, kaka. Nimo humo ukurasani."

Jumapili, 9 Juni
Wamemfukuza. Barua imepenyezwa chini ya mlango. Nina hasira mpaka nimeunguza wali, mimi, mpishi wa meli! Yeye kaunakili ukurasa upya kwa wino. Woga anao, sitasema uongo. Lakini kaumaliza.

Jumapili, 16 Juni
Tumekwenda makaburini kumchagulia mahali. Baridi. Upande wa Waislamu uko ng'ambo ya njia, nikamwambia tutakuwa majirani, asije akalalamika nikiongea sana. Akacheka kidogo.

Kapenda pembe moja karibu na reli. Akauliza treni hupita mara ngapi. Nikasema kila dakika kumi. Kisha nikasema kweli, sijui.

Tukakaa kwenye benchi. Akavua saa yake, akaiweka katikati yetu. Tukangoja treni.