Mafundo Nyuma ya Tai

Koboko, 14 Machi 1974

Dada yangu mpendwa Driciru,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku Koboko. Mimi mzima, ni mafua tu ya vumbi la tumbaku. Wewe je? Na majirani wa Mvara hawajambo?

Kazi ya ukarani nimeanza hapa stoo ya tumbaku, lakini Jumatatu niliaibika. Mkubwa wetu anapenda mavazi kuliko chakula. Anasema karani akivaa tai, tai na viatu viwe ndugu. Nami nilivaa vile viatu ulivyoninunulia, vya rangi ya damu ya mzee, na tai niliyodhani inafanana navyo. Kumbe ilikuwa ya kijani. Alinisimamisha mbele ya wenzangu akaniuliza kama nimekuja kutafuta kazi ya ngoma. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Unayajua macho yangu. Majani na damu kwangu ni kitu kimoja. Tangu tukiwa watoto wa kambini, Baba akiwa bado jeshini, wewe ndiye uliyenipangia nguo kitandani. Hapa sina wa kunipangia, na sijamwambia mtu. Nifanyeje?

Ni mimi mdogo wako,
Enoch

*

Mvara, Arua, 29 Machi 1974

Mdogo wangu Enoch,

Barua yako imenikuta nikishona, nikaiacha kazi nikaisoma. Sijambo, namshukuru Mungu. Kifua kinanisumbua kidogo, lakini ni baridi ya asubuhi. Pole kwa aibu hiyo. Huyo mkubwa wako hakulelewa na dada.

Nimekutumia tai nne kwa Étienne, yule Mkongo anayepeleka vitenge sokoni kwenu kwa lori. Zote nimezishona mwenyewe kwa vipande vya suti, maana madukani siku hizi kumebaki rafu tu. Geuza kila tai uipapase nyuma, karibu na ncha. Ukigusa fundo moja la uzi, vaa na viatu vyeusi. Mafundo mawili, viatu vya kahawia. Matatu, vile vya damu ya mzee. Isiyo na fundo ni ya kwenda msibani.

Viatu vyenyewe nadhani unaweza kuvitofautisha. Vya kahawia vina kamba, vya damu ya mzee havina. Kama huna uhakika, papasa. Vidole vyako havina ugonjwa.

Na ule. Nakujua, ukiwa na mawazo huli.

Dada yako,
Driciru

*

Koboko, 20 Agosti 1974

Dada mpendwa,

Salamu sana. Kile kifua kimepona? Hukuniambia tena habari yake.

Mimi huku nimekuwa mtu mwingine. Mkubwa sasa akipata wageni, ananiweka mlangoni niwapokee, anawaambia, tazameni karani wangu anavyovaa. Kila alfajiri napapasa mafundo yako kama mzee anayesali rozari.

Sasa nina jambo. Kuna msichana wa Ludara, jina lake Mindra, baba yake ni katekista. Tulijuana hapa stoo, alipokuja kupimisha tumbaku ya baba yake. Alinitazama juu mpaka chini, akasema hajawahi kumwona mwanamume wa huku anayejua rangi namna ile. Ndivyo tulivyoanza. Nampenda, Dada, na wazee wake hawakunikataa.

Tatizo ni kwamba sasa anataka nimchagulie kitambaa cha gauni, maana anaamini jicho langu. Wiki jana alikuja na gauni jipya akaniuliza linampendeza? Nikasema sana. Hata sasa sijui lilikuwa la rangi gani. Nichagulie kitambaa wewe, nimpe kana kwamba nimekichagua mimi.

Mdogo wako,
Enoch

*

Mvara, 6 Septemba 1974

Enoch mdogo wangu,

Nimefurahi mpaka nimemwambia kila mteja. Mindra wa Ludara. Jina zuri. Msalimie, mwambie wifi yake anamsubiri.

Lakini kitambaa sitachagua. Usikasirike. Mkubwa wa stoo tunaweza kumficha, kwake unaenda asubuhi unarudi jioni. Mke hafichwi. Siku moja atakutuma sokoni ulete nyanya zilizoiva, utarudi na mbichi, naye atajiuliza umemficha mangapi mengine. Mwambie sasa, mkiwa bado mna nafasi ya kugombana na kupatana.

Tena mimi sitakuwapo siku zote kukufungia mafundo.

Siku ya harusi nitakuja kukuvalisha, hilo ni langu. Kikohozi kinapungua.

Dada yako,
Driciru

*

Koboko, 3 Desemba 1974

Dada yangu,

U hali gani? Nilikuandikia Oktoba hukujibu. Étienne nikimuuliza anasema una kazi nyingi. Usijichoshe.

Nimemwambia. Tulikuwa tumekaa nje kwao Ludara, nikamwonyesha mafundo nyuma ya tai niliyoivaa. Aliyapapasa moja moja. Kisha akaniuliza, “Kwa hiyo uliposema nimependeza, ulikuwa unanidanganya?”

Nikamwambia, “Rangi sikuiona. Wewe nilikuona.”

Aliingia ndani, nikadhani yamekwisha. Akarudi na chai. Akauliza ni nani aliyeshona vile, mkono mzuri namna ile. Nikasema ni dada yangu, ndiye aliyenilea baada ya Mama. Akasema anataka kukuona wewe kwanza kabla ya kusimama na mimi kanisani.

Ndoa ni tarehe 8 Februari, Ludara. Njoo mapema, upumzike kwetu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Enoch

*

Mvara, 25 Januari 1975

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi yangu. Mimi sijambo.

Harusini sitaweza kuja. Kazi imenizidi, wateja hawakubali. Nimempa Étienne tai na viatu vya kahawia, vyote rangi moja kabisa, nimevilinganisha mchana juani. Mindra akufunge tai. Ni haki yake sasa.

Msiahirishe. Nakuomba sana, msiahirishe kwa sababu yoyote. Na usinifuate huku kabla ya harusi.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu ni mbovu.

Dada yako,
Driciru

*

Koboko, 10 Februari 1975

Dada,

Leo sina salamu ndefu.

Tumeoana. Mindra alinifunga tai, watu wakasifu. Baada ya chakula nilimwona Étienne amekaa pembeni, haimbi, na wewe unajua Étienne anavyoimba. Nikamuuliza. Akatazama chini. Akasema, “Dada yako iko mgonjwa, Enoch. Iko hospitali tangu mwezi wa kumi na moja, anakohoa damu. Aliniapisha nisiseme mpaka uoe.”

Kwa nini, Dada? Ungeniambia ningeahirisha. Najua, ndiyo maana hukuniambia. Lakini umeniacha nicheze ngoma wakati wewe umelala huko na nani?

Leo asubuhi niliomba ruhusa. Mkubwa amekataa. Jumamosi kuna wageni wazito kutoka Kampala, wengine wanajeshi, anataka niwe mlangoni na suti yangu. Nilimwambia ni dada aliyenilea. Akasema nichague, mlango au jela. Unajua siku hizi watu wanavyopotea kwa neno dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo Mindra anatangulia kesho na lori la Étienne. Amekataa hata kusubiri kufungua zawadi. Atakupikia, atakuosha, atakaa nawe. Jumapili nitaomba tena.

Nisubiri.

Mdogo wako,
Enoch

*

Mvara, 16 Februari 1975

Mume wangu Enoch,

Nakusalimu kwa huzuni. Ukae kwanza ndipo usome.

Dada ametutoka Ijumaa jioni. Jana adhuhuri tumemzika kijijini kwenu Ajia, karibu na mama yenu. Tulitaka kukusubiri, lakini wazee walisema joto hili haliruhusu.

Nilimkuta bado anaongea. Aliponiona alisema, “Huyu ndiye.” Akaniambia nikae kitandani, akanishika mkono akaupapasa kama anayetafuta kitu. Barua yako nilimsomea mara mbili. Nilipofika pale pa wageni wa Kampala alifumba macho, akasema usilaumiwe na mtu, angekuwa yeye angesimama mlangoni pia. Alikula uji wangu siku mbili. Ijumaa hakula.

Mchana ule nilimuuliza nikuambie nini. Nilidhani atasema nikuambie hakuumia. Akasema, “Mwambie niliumia. Nimeshamdanganya vya kutosha. Lakini mwambie mwisho nilikuwa na mtu.”

Nilikuwa naye, Enoch. Sikumwachia mkono.

Nimebaki hapa nyumbani kwake. Wateja wanakuja kuchukua nguo zao, wengine wanakaa kidogo wanalia, nawapa chai. Watu wa Ajia wananiuliza ndugu yake yuko wapi. Wote nimewajibu kwamba yuko njiani.

Usinifanye mwongo. Njoo.

Mke wako,
Mindra