Widad, Picha Yako Tuliyoitundika Mlangoni

Mwaka umetimia, Widad, tangu asubuhi ile ulipoanguka uwanjani mwa shule kabla ya kengele, chaki ikiwa bado mfukoni mwa koti lako. Mvua za kwanza zimerudi mjini Damanhur, na mbele ya nyumba pamejaa matope ambayo ulizoea kuyaruka ukiwa na daftari za wanafunzi kichwani.

Ulifundisha hesabu katika shule ya serikali ya wasichana, walikokuita Abla, yaani mwalimu wa kike, na kila Jumapili, siku ya kufungua wiki, ulihamisha darasa zima: wa mbele wakaenda nyuma, wa nyuma wakaja mbele. Mwalimu mwenzako alikuuliza mbele ya wanafunzi, "Abla Widad, binti wa daktari umemtupa kule, na binti wa muuza mboga umemweka hapa?" Ukajibu bila kugeuka, "Wiki ijayo watabadilishana. Ubao hauna mwenyewe."

Uliwatuma wasichana wapime madirisha ya darasa lao, kisha wakapime ya shule ya kulipia ng'ambo ya mfereji, wachore jedwali na waandike kwa nini yanatofautiana. Mkaguzi alikuja akauliza kama hiyo nayo ni hesabu. Ulimpa rula, ukamwambia naye apime.

Wenzako walifundisha nusu ya somo darasani, nusu nyingine wakaiuza majumbani. Wewe ulimaliza somo lote palepale, na aliyeachwa nyuma ulimfundisha bure alasiri, katika chumba cha chini cha nyumba yetu. "Unatuharibia soko, dada," walikulalamikia. "Basi uzeni vitunguu," ukawaambia. Kaka yako Mamduh alikutania kuliko wote, lakini madawati ya chumba kile aliyabeba yeye mgongoni.

Ulipotutoka, kiwanda cha pamba kilimpunguza Mamduh kazini. Akakaa nyumbani akiwatazama wasichana waliokuwa bado wanakuja kusimama mlangoni pako. Akaajiri walimu wawili. Akachapisha bango kubwa lenye picha yako, ile unayocheka kwenye harusi ya binamu yetu, na juu yake maandishi: Kituo cha Abla Widad. Akalitundika juu ya mlango na kuanza kutoza ada. Hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba jina lako linaishi na watoto wake wanakula. Nasi tulijiambia hivyo hivyo. Watu walikuja wengi, kwa sababu yako.

Mama yako, Hajati Sekina, magoti hayamshushi ngazi tena. Roshani yake iko juu ya bango, kwa hiyo hakuliona. Alisikia tu sauti za wasichana, akasema, "Alhamdulillahi, kazi ya mwanangu haijakatika." Kila Mamduh alipompelekea chai, alimwombea dua ndefu, naye Mamduh alizipokea akitazama sakafu. Hakuna kati yetu aliyemwambia Hajati ukweli.

Katika muhula wa pili, Mama Rahma, yule anayeuza mboga chini ya nyumba yetu, alimleta bintiye, Rahma wako uliyesema ana kichwa cha injinia. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa umekaribia. Alidhani mambo ni kama zamani. Mamduh akamzuia mlangoni.

"Malipo kwanza, mama."

Mama Rahma aliinua macho akaitazama picha yako. "Basi mfunikeni uso," akasema, "asituone tukirudi."

Mamduh alilileta hilo mezani kama kichekesho. "Yule mama ana ulimi! Eti tumfunike uso!" Nasi tulicheka, Widad. Tulicheka huku tukimega mkate.

Rahma alikosa alama za sekondari ya kawaida. Yuko shule ya ufundi sasa, anajifunza kushona. Kushona si kazi mbaya. Ila si yeye aliyechagua.

Mwezi uliopita, Hajati aliteremsha kikapu chake kwa kamba, kama kawaida yake.

"Mama Rahma! Nichagulie kabichi nzuri, watu watakuja kumsomea Widad hitima. Na huyo Rahma mbona simsikii hapo chini? Amekuwa mvivu siku hizi?"

"Asome kwa pesa ipi, Hajati?"

"Pesa gani? Widad hachukui pesa."

"Widad hakuchukua. Mamduh anachukua. Na picha ya marehemu ndiyo bango lake, hapo chini ya miguu yako."

Mtaa mzima ulisikia. Kinyozi alisimama na wembe mkononi. Mamduh alikuwa mlangoni, na kila mtu alimtazama yeye. Hajati alivuta kamba polepole, kabichi ikigonga ukuta mpaka juu.

Mchana ule hakugusa chakula.

"Mamduh."

"Naam, mama."

"Msomaji asiingie nyumba hii. Sitamsomea mwanangu juu ya bango linalomuuza."

"Mama, wanangu watakula nini?"

"Fanya biashara yako. Tundika picha yako wewe, tuone nani atakuja."

Siku kadhaa Mamduh alipita mlango wa nyuma. Halafu Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, akaegemeza ngazi ukutani na kupanda.

"Vipi Mamduh, umefilisika?" kinyozi akamwuliza.

"Bado. Ndiyo naelekea huko."

Alipolishusha bango alitaka kulikunja, akashindwa, maana kila mkunjo ulipita usoni pako. Akalibeba ndani wazi hivyo hivyo, wewe ukiwacheka watu wote wa mtaa.

Walimu wawili wameondoka pamoja na waliokuwa wakilipa. Mamduh anaendesha bajaji. Wasichana wachache hufundishwa bure na binti yake katika chumba kile cha chini, ingawa hana sauti yako wala ujasiri wako. Mamduh alikwenda kumwomba radhi Mama Rahma. Mama Rahma aliendelea kupanga mboga zake hadi Mamduh alipomaliza kusema. "Nimesikia," akamjibu. Rahma alikuwa ndani, hakutoka.

Qurani itasomwa nyumbani kwetu Alhamisi hii baada ya Alasiri. Mama Rahma tumemwalika. Hatujui kama atakuja, na asipokuja hatutauliza kwa nini.

Tulipokaa kuandika majina ya mwisho wa tangazo hili la kumbukumbu yako, Mamduh aliomba lake lisiandikwe. "Nitamkumbuka kimyakimya," alisema. Hajati akamkatalia. "Jina lake ulilitundika mtaani. Na lako lisomwe. Mwandikeni wa kwanza."

Wanaokukumbuka ni kaka yako Mamduh. Mama yako Hajati Sekina. Wifi yako Samah. Na watoto wa kaka yako, Ibtihal, Nuha na Tamer.

Hatutakusahau, Widad, hata kama kila tukikukumbuka tunainamisha vichwa.