Shukrani za Mjane Fundi Cherehani

Tarehe 3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi miguu, bado inavimba ukikanyaga cherehani mchana kutwa? Mimi sijambo, ila mafua hayaniachi. Nadhani ni vumbi la makabati ya hapa ofisini.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wanadhani nampikia Rais chai. Mama, mimi ni karani wa salamu. Mtu akizaa mapacha, akistaafu au akifa, Rais humwandikia yeye au watu wake, na tunaoandika ni mimi na wenzangu wawili, nyuma kabisa ya jengo. Mimi nimepewa rambirambi, kwa sababu mkubwa wetu anasema nina mkono wa huruma. Hospitali hutuletea fomu za wagonjwa mahututi mapema, ili msiba ukitokea barua isichelewe. Naiandika, naacha nafasi ya tarehe, inakaa kwenye droo kusubiri simu. Familia ikiipokea hujibu kwa barua ya shukrani, na shukrani husomwa redioni baada ya taarifa ya habari. Hapo ndipo jalada hufungwa. Si huwa unazisikia? Nyingine zinatoa machozi, haki ya Mungu.

Kuhusu mdogo wangu, nitaongea na mkubwa. Usijiumize kwa kulia, presha itakupanda.

Ni mimi, mwanao

Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Mafua yako kunywa maji ya moto, uache ubishi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Yaani mtu bado anapumua, nyinyi mmeshamlilia! Makubwa haya.

Mdogo wako yuko gereza la hapa mjini, wiki ya tano sasa. Kosa lake unalijua, lakini nakwambia tena kwa sababu huko kwenu nasikia mnasema alitukana. Hakutukana mtu. Siku ya zawadi shuleni walimu wenzake walimpa kazi ya kuongoza sherehe. Watoto wamesimama juani tangu saa tatu, wawili wameshaanguka. Ikafika pale pa kusoma sifa zote: Mtukufu Baba wa Watu Wote, Ngao ya Wanyonge, Taa ya sijui nini, ukurasa mzima. Yeye akasema, "Rais anawasalimu, kaeni kivulini." Basi. Wakamchukua kabla zawadi hazijagawiwa.

Sijamtia machoni tangu siku hiyo. Kila Alhamisi napeleka nguo safi getini, wananipa chafu. Nazinusa pale pale mbele ya askari, waniite mwendawazimu wakitaka. Nikishasikia jasho lake najua yu hai, narudi kushona.

Wewe huko unaingia kwa wakubwa. Tangu nikuzae sijakuomba kitu. Sasa naomba: mtoe mdogo wako.

Mama yako

Barua zako mpe huyu huyu dereva wa lori la vitambaa. Posta usiiguse.

Tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Maji ya moto nimekunywa mpaka nimekuwa birika, na mafua yapo. Wewe je, unalala?

Nina habari njema. Nimeongea na mkubwa, na wala hakufoka. Alinivutia kiti mwenyewe, akaniuliza mdogo wangu ni mtu wa namna gani, anapenda nini, alikuwaje utotoni. Nikamweleza yote, hata alivyokuwa akilala chini ya cherehani yako juu ya vipande vya vitambaa, nawe hukanyagi mpaka aamke. Akawa anaandika kwenye daftari. Mama, mtu asiye na nia njema atauliza hayo ya nini? Amesema nitulie. Na wewe tulia, usiropoke mbele ya wateja.

Mwanao akupendaye

Tarehe 24 Machi, Alhamisi

We mtoto,

Leo sikuulizi afya.

Jumatatu alikuja karani wa wilaya na bahasha yenye muhuri wa Rais. Mdogo wako amefariki kwa homa, wameshamzika wao wenyewe, Rais anaomboleza pamoja nami. Nikaanguka. Wanawake wakajaa nyumbani, wanaume wakakaa nje, nikalia siku tatu sijui kuchwa wala kucha.

Leo asubuhi nikaamka nikachukua nguo zake safi. Wakanishika, "Mama, unakwenda wapi na nguo za marehemu?" Nikawasukuma. Kule getini askari kazipokea kama kawaida, kanipa chafu. Shati lilikuwa bado bichi kwa jasho. Homa iliyomuua Jumatatu, jasho la leo! Nikarudi mbio na miguu yangu hii, nikawaambia waombolezaji, inukeni, hajafa mtu hapa. Unajua walifanya nini? Hakuinuka hata mmoja. Jirani yangu wa ukuta mmoja akaninong'oneza, "Lia tu, mama. Rais ameshasema." Mpaka saa hii wako sebuleni wanamlilia mtu mzima wa afya, na mimi naandika hapa chumbani.

Halafu nikaisoma ile barua vizuri. Imesema mwanangu alikua chini ya cherehani yangu, na mguu wangu ulikuwa hausogei mpaka aamke. Hebu niambie, huyo Rais wenu alikuwa sebuleni kwangu lini?

Mama yako

Tarehe 29 Machi

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaitika.

Niliandika mimi. Fomu ililetwa mezani kwangu siku nne baada ya kuongea na mkubwa, na ndani yake yamo maneno yangu yote niliyomwambia. Ilitoka gerezani, haikutoka hospitali. Nilikaa nayo siku nzima sijagusa taipureta. Nikajiambia, nisipoandika mimi ataandika mwenzangu, na mwenzangu ni mbovu, ataandika "kijana wenu" kama anavyowaandikia wote. Nikaandika mimi. Nilidhani droo ile inachukua miezi, na katika miezi hiyo ningepata njia. Mwenzangu akakosea droo, akagonga tarehe, akapeleka zote.

Sasa hapa moto unawaka. Rais ameshatoa pole, na Rais hawezi kuwa amekosea. Mkubwa ameniapia kwamba ni karatasi tu, mama. Jalada likifungwa, mdogo wangu atahamishwa mbali, apewe jina jingine, mwakani aachiwe kimyakimya. Kinachotakiwa ni shukrani zako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nimekuandalia, iko ndani ya bahasha hii. Nakili kwa mkono wako, tia sahihi, mpe dereva. Mistari minane tu.

Isipofika, atakayejibu ni mimi. Watanipeleka aliko yeye. Naogopa, mama. Naogopa sana.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeitika, mimi ni mama yako.

Kushukuru sishukuru. Umenieleza mwenyewe, jalada hufungwa kwa shukrani. Basi mimi nisiposhukuru, liko wazi. Alhamisi hii tena nimepewa shati lake, kwapa limechanika, nimelishona. Huyo mkubwa anayekuapia kuhusu jina jingine, mwambie amlete mwanangu kwanza na hilo jina lake, nimwone, ndipo tuongee habari ya kalamu.

Na wewe sikufukuzi wala sikulaumu leo. Toka huko. Dereva nimekaa naye tukaongea, amekubali, atakuficha katikati ya marobota. Anapakia Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, nyuma ya ghala. Usiage mtu, usibebe hata kanga. Tutajua mbele ya safari. Kitanda chako nimekitandika.

Mama yako

Tarehe 14 Aprili, Alhamisi

Lori lilifika Jumapili. Nilishusha robota moja moja kwa mikono yangu, dereva ananiangalia. Nilipofika la mwisho akaniambia alikusubiri mpaka saa nne.

Jumatatu, baada ya taarifa ya habari, nilisikia redioni nikishukuru. Mimi, mjane fundi cherehani, namshukuru Mtukufu Baba wa Watu Wote kwa kunifuta machozi. Hakuna sifa iliyorukwa. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Majirani walikuja kunipa mkono, wengine wanalia kweli, wanasema hatukujua kama una maneno mazuri hivyo. Nami nimejua ni ya nani. Nilikulea, namjua mwanangu akisema.

Leo nimepeleka nguo. Askari ni yule yule wa kila wiki, si mtu mbaya, huniita mama. Akaingia nazo ndani, akarudi nazo vile vile nilivyozikunja. Akasema, "Mama, za nini tena? Wewe si ndiye uliyeshukuru redioni?" Nikamwambia sikuandika mimi. Akatazama chini, akasema, "Sisi tulisikia. Jumanne asubuhi wakamtoa." Nikauliza maiti iko wapi. Akasema aliyekwisha kuzikwa hana maiti mbili.

Wiki tatu nilikuwa na hoja moja tu duniani, kwamba sijashukuru. Ukaichukua ukawapa. Najua uliogopa. Mimi nilikuwekea lori.

Wiki ijayo shule zinafunguliwa. Kesho wazazi watajaa hapa barazani kuchukua sare, na wengi watoto wao aliwafundisha yeye. Nitamwambia kila mmoja wao, nikimkabidhi nguo yake: mimi sikumshukuru mtu, na mwanangu alikuwa hai siku waliyomlilia. Watanifuata, najua. Hata sijafunga mlango.

Fomu yangu ikiletwa mezani kwako, mwachie yule mwenzako mbovu aandike.

Mama yake