Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Tumegawa karatasi na kalamu za rangi kwenye hema kubwa. Shirika letu linasanifu nyumba pamoja na watu ambao zao zilisombwa na mafuriko — ndiyo sifa yetu, hatumchorei mtu nyumba kwa mbali. Nikasema kila mmoja achore nyumba yake. Wakainama, wakachora kimya. Nikafurahi, mjinga mimi! Nilimaanisha zitakazojengwa. Wao wamechora zilizokwenda na maji, mpaka mapazia.

Mama Cherehani kaniinulia yake. "Hapa ndipo nashonea, mwanangu."

Sikuthubutu kumsahihisha.

Jumatano, 5 Machi

Bosi kaziona picha. Eti zoezi limeharibika, lirudiwe haraka — maji yametufika shingoni. Kasema hivyo mbele ya watu wale! Mzee mmoja akamwambia taratibu: "Maji yako ni ya maneno tu, bosi." Niliona aibu, nikatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Cherehani kagoma kuhamia nyumba tutakayomjengea. Nyumba zetu zina mlango mmoja, wa mbele. Upande wa mto ni ukuta mtupu. Kwenye picha yake kuna mlango wa nyuma. Nikamweleza kwamba ukuta ule ndio utakaomwokoa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema mwanawe wa mwisho akichelewa hupita nyuma, anamwogopa baba yake.

Hupita. Hakusema alikuwa akipita.

Baba alizikwa. Kijana hajapatikana mpaka leo. Nami nilikuwa namfundisha habari za kuta. Nimejichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Mahema yanang'olewa kabla ya mvua kubwa. Bosi kasema asiyekubali ramani, nyumba apewe mwingine. Nimembembeleza mhandisi kwenye simu mpaka sauti imekauka. Dirisha la juu, sawa. Mlango, hapana — mto ukifurika tena, utamuua.

Nikampelekea Mama Cherehani habari ya hilo dirisha. Akaniuliza, bila hasira, kama kwetu watu huingia dirishani.

Sasa naandikia kiwanjani, ndani ya gari. Fundi kavuta kamba chini upande wa mto, msingi uanze. Mama Cherehani kaikanyaga katikati, kauelekea mto.

Fundi kamwambia: "Mama, sogea kidogo. Umesimama ukutani."

"Nimesimama mlangoni," kajibu.

Fundi kaweka sururu chini. Ananitazama mimi —